Kuku wa Wyandotte katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul

Tarehe 30 Januari mwaka 2019, kipimajoto katika uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota nchini Marekani, kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Shule zilifungwa, na hata watu wa posta, ambao si kawaida yao kusimama kwa sababu ya hali ya hewa, walisitisha kazi siku hiyo. Hata hivyo, nyuma ya baadhi ya nyumba za miji hiyo pacha kulikuwa na kuku ndani ya mabanda ya mbao. Miongoni mwa kuku ambao wafugaji wa huko huwachagua kwa ajili ya majira kama hayo ni wale waitwao Wyandotte, na leo tutawasimulia jinsi kuku hao walivyopatikana, na gharama iliyojificha katika sifa zao.

Kwa msikilizaji wa Mombasa au Bagamoyo, adui wa kuku ni joto. Kilemba cha jogoo, au upanga kama wengine waitavyo, ni chombo cha kupoza mwili: damu hupita humo, joto hutoka. Ndiyo maana kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, hustahimili jua la pwani vizuri kuliko wenzake. Lakini peleka jogoo mwenye kilemba kirefu kilichosimama katika nchi ya theluji, na kiungo kilekile kinakuwa balaa. Damu haifiki katika ncha, nyama inaganda, inakuwa nyeusi, na baadaye inakatika. Wafugaji wa Amerika ya Kaskazini walihitaji kuku mwenye kilemba kifupi, kilicholala juu ya kichwa. Kilemba cha namna hiyo huitwa cha waridi, ingawa mimi naona kinafanana zaidi na kipande cha tumbawe chekundu.

Kuku huyo alianza kutengenezwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyomalizika mwaka 1865, hasa katika jimbo la New York na sehemu za jirani. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wanasayansi bali wakulima na watu wa maonyesho ya kuku, na kumbukumbu zao zinapishana. Inaaminika kwamba walichanganya kuku wakubwa wa asili ya Asia wajulikanao kama Brahma na kuku wadogo wa Hamburg, ambao ndio wenye kilemba cha waridi. Kwa muda walimwita Sebright wa Kimarekani, kwa sababu manyoya yake yalifanana na ya kuku mdogo wa Uingereza mwenye jina hilo. Mwaka 1883 chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kilimwingiza katika kitabu chake cha viwango, kwa jina jipya la Wyandotte.

Sasa tumtazame manyoya. Msikilizaji ambaye nyumbani kwake kuna kanga atanielewa haraka. Kila nyoya la Wyandotte wa aina ya kwanza, ile ya fedha, lina mji na pindo: mji ni mweupe safi, na pindo ni jeusi lenye mng'ao wa kijani, likizunguka ukingo wote bila kukatika. Mwaka 1888 ikakubaliwa aina ya dhahabu, ambayo mji wake ni wa rangi ya asali iliyoiva, pamoja na aina nyeupe tupu. Baadaye zikafuata nyingine, zikiwamo zile ambazo mitetea yao haina pindo moja bali mistari kadhaa myembamba, mmoja ndani ya mwingine, ikifuata umbo la nyoya. Katika aina hizo jogoo havai mistari hiyo kifuani. Ni urembo wa mitetea peke yao. Mwamuzi wa maonyesho hulifunua nyoya kwa kidole na kutazama kama pindo lina upana ule ule kutoka shingoni hadi mapajani. Likiwa jembamba mno, ndege anaonekana amepauka; likiwa nene mno, mji unapotea na kuku anakuwa kama amepakwa masizi.

Kanga huwa pia na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Na jina la kuku huyu lina habari nzito kuliko manyoya yake. Wyandot ni taifa la watu. Asili yao ni Wahuroni waliokaa karibu na Maziwa Makuu katika nchi inayoitwa leo Kanada, wakatawanywa na vita mwaka 1649, na kizazi chao kikafika Ohio. Mwaka 1842 walitia saini mkataba wa kuiacha ardhi yao ya Upper Sandusky, na mwaka 1843 wakahamishwa kwenda Kansas, ambako wengi walikufa kwa maradhi katika miezi ya mwanzo. Miaka 40 baada ya safari ile, watu wengine kabisa walichukua jina lao na kumpa kuku. Si wao waliomfuga wala si wao walioulizwa. Taifa la Wyandotte lipo hadi leo, makao yake yakiwa Oklahoma. Serikali ya Marekani iliacha kulitambua mwaka 1956 na kulitambua tena mwaka 1978.

Ardhi ya Minneapolis na Saint Paul nayo ina kisa kinachofanana na hicho. Palipo mkutano wa mito Minnesota na Mississippi ni mahali patakatifu kwa watu wa Dakota. Baada ya vita vya mwaka 1862, zaidi ya Wadakota 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa kambini chini ya ngome ya Snelling katika majira yale ya baridi, na mwaka 1863 wakafukuzwa kutoka jimboni. Juu ya ardhi hiyo ndipo viliposimama viwanda vya kusaga ngano. Tangu mwaka 1880 hadi 1930 Minneapolis iliongoza duniani kwa kutengeneza unga, na penye unga pana pumba. Na pumba, kama ajuavyo mama yeyote wa kijijini kwetu, ni chakula cha kuku. Mwaka 1885 maonyesho ya jimbo yalipata uwanja wake wa kudumu karibu na Saint Paul, na maonyesho ya kuku yakawa miongoni mwa vivutio vyake.

Turudi kwenye kilemba, kwani hapo ndipo penye gharama niliyoitaja. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Bateson na Reginald Punnett wa Cambridge walipandisha kuku wa kilemba cha waridi na wale wa kilemba cha njegere, wakapata kilemba cha tatu ambacho wazazi hawakuwa nacho. Majaribio hayo yalisaidia kuthibitisha kwamba kanuni za urithi ambazo Mendel alizigundua katika mimea zinawahusu wanyama pia. Lakini wafugaji wa Wyandotte walikuwa na swali lao: kwa nini, pamoja na kuchagua vilemba vya waridi kizazi baada ya kizazi, bado hutokea vifaranga wenye kilemba cha kusimama? Na kwa nini majogoo wengine walio safi kabisa kwa kilemba huacha mayai mengi bila mbegu? Jibu kamili lilitolewa mwaka 2012 na watafiti wakiongozwa na wale wa Uppsala nchini Uswidi. Kilemba cha waridi kinatokana na kipande kikubwa cha kromosomu ya saba kilichogeuka juu chini. Jogoo aliyerithi mgeuko huo kwa baba na kwa mama mbegu zake huogelea kwa udhaifu. Hivyo yule mwenye nakala moja tu humshinda katika kuzaa, na kilemba cha kusimama kinaendelea kujificha ndani ya ukoo.

Hata kilemba cha waridi hakimkingi jogoo kikamilifu, kwa kuwa ndevu zake za nyama bado zinaning'inia, na akinywa maji huzilowesha. Wafugaji wapya hudhani dawa ni kuziba banda lote. Matokeo yake pumzi na kinyesi hujaza unyevu ndani, na unyevu ndio unaoharakisha kuganda. Banda zuri huwa na matundu juu, mbali na fito za kulalia, ili mvuke utoke bila upepo kumpiga ndege. Kuku aliyekwisha kuumia huingizwa mahali penye joto la wastani na kupashwa polepole. Hasuguliwi, hawekwi karibu na moto, na malengelenge yake hayatumbuliwi. Nyama iliyokuwa nyeusi huachwa mpaka idondoke yenyewe, kwa kuwa inafunika ile iliyo hai chini yake.

Jeraha la damu lina hatari nyingine. Kuku wakiona wekundu hudonoa, na wakianza kudonoa hawaachi. Kwa hiyo mgonjwa hutengwa upesi, ila katika kizimba anachoweza kuonana na wenzake, maana kundi likimsahau litampiga kama mgeni siku ya kurudi. Kuhusu manyoya, lililong'oka lote huota tena baada ya majuma kadhaa, lakini lililokatika hubaki kipande mpaka ndege atakapobadilisha manyoya. Dawa nazo zimekuwa shida. Kisheria kuku ni mnyama wa chakula hata kama ana jina na analala kikapuni, na tangu Juni 2023 viuavijasumu vya mifugo vilivyokuwa vikiuzwa madukani bila cheti nchini Marekani huhitaji idhini ya daktari wa mifugo. Si kila daktari wa mjini anayekubali kutibu kuku.

Miji yote miwili huruhusu kuku kwa kibali. Wafugaji wengi huagiza vifaranga kwa posta, ambayo imekuwa ikiwasafirisha tangu mwaka 1918, kwani kifaranga aliyetoka kuanguliwa huishi takriban siku tatu kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Walakini kutambua dume kwa siku ya kwanza ni kazi ngumu, na mtu aliyetaka mitetea huamshwa miezi michache baadaye na jogoo anayewika, na majirani wakamjia juu. Baadhi ya majogoo hao hutupwa. Shirika la Chicken Run Rescue lilianzishwa Minneapolis mwaka 2001 kwa ajili ya kuku wa namna hiyo, waliotelekezwa au kuokotwa wakiwa na majeraha.

Mwaka 2015 homa ya ndege iliangamiza karibu ndege milioni 9 huko Minnesota, wengi wao bata mzinga, na katika maonyesho ya jimbo mwaka huo hapakuwa na kuku hata mmoja. Homa ilirudi tena mwaka 2022. Kati ya misimu hiyo wafugaji waliendelea kuwaweka majogoo wao wa Wyandotte, wakiwamo wale ambao ncha za vilemba zilikatwa na baridi na hawawezi tena kushinda mbele ya mwamuzi. Kilichokatika hakirithiwi; vifaranga wao hutoka na vilemba vizima.