Neno Lisilosikika: Huduma ya Uponyaji Rungwe na Wagonjwa Viziwi na Wasioona

Utangulizi

Historia ya Kanisa katika Wilaya ya Rungwe imezoeleka kusimuliwa kwa kutaja mahubiri, shule na hospitali. Mambo haya matatu yana jambo moja la pamoja: yote yalitegemea mdomo wa mmoja na sikio la mwingine. Mhubiri alisema, mwanafunzi aliitikia, mganga aliuliza na mgonjwa akajibu. Makala hii inakusudia kuuliza habari za wale ambao mpango huo uliwaacha nje, yaani wagonjwa viziwi na wagonjwa wasioona. Hoja yetu ni kwamba historia yenyewe ya misioni katika nchi ya Wanyakyusa inalifundisha Kanisa namna ya kuwahudumia, na kwamba somo hilo halijatumiwa ipasavyo.

Wamisionari waliohitaji mkalimani

Mwaka 1891 vikundi viwili vya wamisionari wa Kijerumani viliingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamoraviani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga Rungwe. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walikaa upande wa mashariki, na kazi yao ikaenea Manow na Mwakaleli. Merensky alikuwa amekwisha kutumika miaka mingi Transvaal. Hakuwa mgeni wa Afrika, bali alikuwa mgeni kabisa wa Kinyakyusa.

Tukumbuke maana ya jambo hilo. Katika miezi ile ya kwanza, aliyekuwa na masikio yasiyofaa kitu alikuwa mmisionari. Maneno yalimpita. Aliishi kwa ishara za mikono, kwa kutazama nyuso za watu na kwa msaada wa wakalimani. Hata hivyo, hakuna aliyewaambia wenyeji kwamba watahubiriwa na kutibiwa baada ya kujifunza Kijerumani. Mgeni ndiye aliyeketi chini akajifunza lugha ya wenyeji, akaiandika, akaifanyia sarufi na kutafsiri Maandiko. Desturi hiyo, kwamba mtumishi ndiye anayeiendea lugha ya anayehudumiwa, ni mojawapo ya urithi bora tulioachiwa. Lakini urithi huo uliishia katika lugha za mdomo.

Sababu mojawapo ilikuwa Ulaya kwenyewe. Samuel Heinicke alifungua shule ya viziwi Leipzig mwaka 1778, akishikilia kwamba kiziwi afundishwe kutamka maneno. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano uliamua kwamba njia ya kutamka itangulie, na lugha ya alama ikafukuzwa katika shule nyingi. Wamisionari wa 1891 walitoka katika nchi ambayo ishara za viziwi hazikuhesabiwa kuwa lugha. Si ajabu kwamba hawakuzitafuta huku.

Maneno na uponyaji kwa Wanyakyusa

Kwa upande wa wenyeji nako uponyaji ulifungamana na usemi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe kati ya 1935 na 1938, ameeleza jinsi watu walivyoamini kwamba hasira ya majirani, iliyoitwa pumzi ya watu, huweza kumletea mtu ugonjwa. Hasira iliyofichwa moyoni ilikuwa ya hatari. Dawa yake ilikuwa kuitamka na kupatana. Mtu aliponywa kwa maneno kabla ya kuponywa kwa miti.

Mwandishi huyo ameeleza pia mwiko mkali kati ya mke na baba mkwe wake: hawakupaswa kukutana wala kuzungumza. Desturi hii imelegea, lakini inatufundisha jambo kuhusu mkalimani wa nyumbani. Hospitali hufikiri kwamba mgonjwa kiziwi akija na ndugu, basi neno limepata njia. Kumbe katika jamaa kuna mambo ambayo mtu fulani hawezi kuyasema mbele ya mtu fulani. Mama kiziwi aliyeletwa na shemeji yake anawezaje kueleza ugonjwa wa tumbo la uzazi? Na majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI yakipitia mikononi mwa kaka, siri ya mgonjwa iko wapi? Ndugu anayetafsiri huongeza, hupunguza na huficha. Mara nyingi kwa upendo, mara nyingine kwa faida yake.

Magonjwa na dawa

Rungwe ina sababu zake za kulitazama jambo hili. Mabonde ya mito inayoshuka kutoka milima ya Tukuyu hadi Ziwa Nyasa yamejulikana kwa muda mrefu kuwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi, ambao huharibu ngozi na kuweza kupofusha macho. Surua, mtoto wa jicho na homa ya uti wa mgongo navyo vimewaongeza wasioona na wasiosikia. Tena tiba yenyewe ina sehemu yake. Streptomycin, iliyotumika miaka mingi dhidi ya kifua kikuu, huweza kuua usikivu, na gentamicin vilevile. Wako basi watu waliotoka hospitalini wakiwa wamepona kifua lakini hawasikii tena. Hospitali haiwezi kusema kwamba viziwi ni wageni kwake.

Lakini vita dhidi ya usubi vimetoa pia mfano mwema. Kampuni ya Merck ilianza kutoa dawa ya ivermectin bure mwaka 1987, na katika mpango ulioenea baadaye kijiji chenyewe huchagua mgawaji wa dawa. Kipimo hupatikana kwa kumsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama za urefu. Asiyesikia hupata kipimo sahihi bila neno, na asiyeona hufikiwa nyumbani na mtu ambaye sauti yake anaifahamu.

Shule zilitangulia hospitali

Katika elimu Kanisa limefanya zaidi. Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri mwaka 1950. Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora mwaka 1963. Walutheri wakaanzisha Irente kwa wasioona, kisha Mwanga na Njombe kwa viziwi. Watu wenyewe nao walijiunga: Chama cha Wasioona mwaka 1964 na Chama cha Viziwi, CHAVITA, mwaka 1984. Matunda yake ni kwamba nchi inao watu wanaosoma maandishi ya nukta nundu na wanaozungumza Lugha ya Alama ya Tanzania. Serikali nayo ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Hata hivyo, kijana aliyesomeshwa na Kanisa kwa lugha ya alama huweza kufika katika hospitali ya Kanisa asikute mtu wa kumwamkia kwa lugha hiyo.

Ushuhuda wa Maandiko na wa Luther

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia, na wako waliodhani kwamba kiziwi basi yuko mbali na neema. Mwaka 1520, katika mahubiri yake juu ya Agano Jipya, Martin Luther aliulizwa habari ya kuwapa viziwi na mabubu Meza ya Bwana. Alijibu kwamba wapewe, na alikataa desturi ya kuwadanganya kwa mkate usiobarikiwa. Kumwacha mgonjwa atie kidole gumba kwenye karatasi ya upasuaji asiyoielewa ni ndugu wa udanganyifu ule.

Katika Marko 7 Bwana alimtenga kiziwi na makutano, akamgusa masikio na ulimi, akatazama mbinguni. Kabla ya kusema, alionyesha, na alionyesha faraghani. Katika Marko 10 alimuuliza Bartimayo mwenyewe anataka nini, ingawa wengi walikuwa wamemkemea ili anyamaze. Hapo tuna utaratibu kamili wa wodi: faragha, ishara inayoeleweka, na swali linaloelekezwa kwa mgonjwa, si kwa aliyemshika mkono.

Hitimisho

Yanayotakiwa si makubwa. Kila hospitali na iwe na wauguzi wawili au watatu waliojifunza lugha ya alama kwa viziwi wenyewe. Kadi ya mgonjwa ionyeshe wazi kwamba hasikii au haoni, ili asipitwe jina lake likiitwa kwenye foleni. Mganga amkabili kiziwi uso kwa uso penye mwanga. Anayemwendea asiyeona ajitaje jina, aseme atakalofanya kabla ya kumgusa, na chupa za dawa zitofautishwe kwa uzi au mkato ambao vidole vitautambua. Kabla ya dawa inayodhuru masikio, mgonjwa aelezwe hatari yake. Vyuo vyetu navyo viwafundishe wachungaji wanaotembelea wagonjwa mambo hayo hayo.

Mwaka 1891 wageni waliona kuwa ni haki kujifunza lugha ya watu waliowakuta. Viziwi wa Rungwe hawakuja juzi. Walikuwapo siku ile Meyer na Merensky walipopiga hema, na lugha yao ingali inangoja kujifunzwa na wale wanaosema wametumwa kwa watu wote.