Kompyuta Zilizofika Upareni kwa Jina la Gemu

Historia ya kompyuta za nyumbani katika Milima ya Upare inaanza na marufuku. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kompyuta na seti za televisheni kuingizwa nchini. Aliyetaka kuleta mashine ya namna hiyo ilibidi aombe kibali maalumu, na waliokuwa na uwezo wa kukipata ni idara na mashirika, si mkulima wa Mamba wala mwenye duka wa Hedaru. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Cleopa David Msuya, mzaliwa wa Usangi.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ya kampuni ya Uingereza ya ICT, na juhudi zilizofuata za kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine zilileta vurugu na hasara. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, fedha za kigeni zilikuwa za kuokoteza, na katika nchi ya Azimio la Arusha televisheni ilionekana kuwa anasa ya mjini ambayo ingezidi kumwacha mwanakijiji nyuma. Zanzibar ilikwenda njia yake, ikawa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya mwanzo ya 1970. Bara tukabaki na redio.

Tukiweka kalenda mbili sambamba, maana ya marufuku ile inaonekana vizuri zaidi. Mwaka 1977 Marekani iliona kompyuta ya Apple II. Mwaka 1981 Waingereza walipata BBC Micro iliyoingia kwenye shule zao, na mwaka 1982 zikaja ZX Spectrum na Commodore 64, mashine ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya huzitunza kama vito. Karibu zote zilikusudiwa kuchomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Sasa rudi Upareni, mjini Same. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, hivyo hata Taveta, ambayo mtu wa Ziwa Jipe huiona kama jirani, ikawa nchi ya mbali. Mwaka huohuo wa 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na kukutwa na bidhaa ya nje isiyo na maelezo lilikuwa jambo la hatari. Hata kama mwanafunzi aliyesoma London angerudi kwao Suji na ZX Spectrum kwenye sanduku, angeichomeka wapi?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema sisi hatuna historia ya kompyuta za zamani. Tunayo, ila tumezoea kuitafuta kwa majina ya wenzetu. Tukiuliza ni nani Upareni alikuwa na Commodore 64, jibu litakuwa ukimya. Tukiuliza ni nani alikuwa na ile mashine ya gemu yenye kaseti ya njano, mikono itanyooka kuanzia Mwanga hadi Ndungu.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984. Bajeti ya mwaka huo, iliyosomwa na Msuya huyohuyo, akiwa amerudi Wizara ya Fedha baada ya kuwa Waziri Mkuu, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mitumba ikarudi sokoni, zikaja redio kaseti, kisha deki za video, na televisheni zikaingia kwenye nyumba chache hata kabla ya kuwa na kituo cha kutazama. Mwaka 1994 vituo vya binafsi, CTN na ITV, vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kuanzia hapo televisheni ikawa kitu ambacho familia iliweka akiba kukinunua, na palipofika televisheni, gemu haikuchelewa.

Gemu iliyokuja haikuwa na baba rasmi. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa Japani mashine iliyoitwa Famicom, ikaja kuuza karibu milioni 62 duniani. Viwanda vya Taiwani na baadaye China viliinakili, vikaikusanya mitambo yake yote ndani ya chipu moja au mbili, na kuiuza kwa bei ambayo Nintendo isingeweza kuifikia. Nyingine zilivikwa ganda la kufanana na PlayStation na kubandikwa jina la PolyStation, mteja asiyejua akadhani amepata kitu kipya. Hazimo kwenye hesabu za Nintendo, na hakuna daftari la kampuni linaloonyesha ngapi zilishuka bandarini Dar es Salaam na kupanda basi kwenda Kaskazini.

Na hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Fungua moja ya mashine hizo kwa bisibisi. Utaona bodi ndogo, na katikati yake donge jeusi la gundi ngumu limemwagwa juu ya chipu isiyo na nyumba. Ndani ya donge hilo kuna nakala ya prosesa ambayo asili yake ni 6502, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya MOS Technology mwaka 1975 kwa dola 25, wakati washindani waliuza za kwao kwa zaidi ya dola 100. Ina transista kama 3,500 tu. Ni prosesa iliyoendesha Apple II na BBC Micro, na ndugu yake wa karibu sana ndiye aliyeendesha Commodore 64. Kwa hiyo mtoto wa Same aliyekuwa akirukaruka na Mario mwaka 1998, au akigombania maisha 30 kwenye gemu ya Contra, alikuwa ameshika kompyuta ya ukoo uleule ulioanzisha kompyuta za nyumbani kule California na Cambridge. Ilimfikia ikiwa imechelewa miaka 20, bila kitabu cha maelezo, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kompyuta.

Baadhi ya mashine zilijaribu kumwambia. Kulikuwa na aina iliyokuja na kibodi kamili na kaseti ya masomo, ambayo wazazi waliinunua kwa moyo mweupe wakiamini ni kompyuta ya kumsaidia mtoto shuleni. Wengi waliowacheka baadaye walikosea, kwa sababu mara nyingi ndani yake mlikuwa na lugha ya BASIC, ileile iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1964 ili mwanafunzi yeyote aweze kuiamuru kompyuta. Mtoto aliweza kuandika mistari kadhaa, mashine ikamjibu kwenye skrini. Umeme ukikatika, kazi yote ilipotea, kwani hapakuwa na mahali pa kuhifadhi. Mwaka 2008 watafiti waliokutana na mashine za aina hiyo zikiuzwa India kwa takriban dola 12 walianzisha mradi ulioitwa Playpower ili kuziandikia programu za elimu. Walichokiona wao kama ugunduzi kilikuwa tayari kimekaa juu ya meza nyingi za Afrika Mashariki, chini ya kitambaa cha kufumwa.

Umeme wenyewe ulikuwa sehemu ya mchezo. Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 upande wa magharibi wa milima yetu, lina mitambo ya megawati 8, lakini vijiji vingi vya juu viliziona nguzo zikipita chini bondeni kwa miaka mingi. Huko fundi redio ndiye aliyekuwa shirika la umeme. Mashine ya gemu hula volti 9 kutoka kwenye adapta, na ndani ina kipande kinachozishusha hadi 5. Kwa hiyo inastahimili betri ya gari ikiungwa vizuri. Televisheni ndogo za nyeusi na nyeupe za volti 12 zilitumia betri hiyohiyo. Nawaheshimu sana mafundi hawa. Upare ni nchi ya wahunzi tangu zamani; ukoo wa Washana wa Ugweno ulijulikana kwa kufua chuma, na majembe ya Wapare yalifika Uchagani. Ustadi wa kurefusha maisha ya kifaa haukuanza na solda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. PlayStation ya Sony ilitoka Japani Desemba 1994, ya pili Machi 2000, na hiyo ya pili ndiyo iliyojaza vibanda vya gemu katika miji ya barabara kuu: benchi la mbao, televisheni ya chogo, pedi mbili zilizochakaa, na mpira wa Winning Eleven au FIFA unaolipiwa kwa mechi, aliyefungwa akimpisha anayesubiri. Upande wa kompyuta, Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitoka mwaka 2003, na kompyuta zilizokwishatumika kutoka Ulaya zikafika ofisini na kwenye shule. Marufuku ya 1974 ikabaki habari ya wazee.

Leo mashine hizi zinaondoka kwa kilo. Mnunuzi wa chuma chakavu hapimi historia, anapima shaba. Tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 kisha mikoa mingine, televisheni za chogo nazo zimekuwa zikipishwa na skrini bapa. Hilo linauma zaidi kuliko linavyoonekana. Bastola ya gemu ya kuwinda bata hutambua shabaha kwa kusoma mwanga unaochorwa na televisheni ya chogo kwa wakati maalumu. Ukiielekeza kwenye skrini bapa haigongi kitu. Anayetunza bastola bila televisheni yake ametunza nusu ya kifaa.

Hali ya hewa yetu ina masharti yake kwa mkusanyaji. Same mjini, kwenye kivuli cha mvua, adui ni vumbi, joto na jua linalogeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano. Ukipanda Chome au Suji, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, adui ni unyevu: kutu kwenye meno ya kaseti, ukungu kwenye disketi. Zile pumzi tulizokuwa tukipuliza ndani ya kaseti ziliongeza kutu hiyohiyo. Ufutio wa shule na pamba yenye spiriti husafisha vizuri zaidi. Baadhi ya kompyuta za mezani za miaka ya 1990 zina betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, na ikivuja huweza kula nyaya mpaka mashine isiamke tena. Ing'olewe mapema.

Lakini vifaa peke yake havitoshi. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika historia ya Wapare kati ya 1500 na 1900 kwa kukaa na wazee wa koo na kuwasikiliza, na kitabu chake cha mwaka 1969 kilionyesha kwamba kumbukumbu za mdomo zinaweza kubeba karne. Kumbukumbu za gemu ni changa, na wenye nazo wako katika miaka ya 30 na 40, wanaendesha bodaboda, wanafundisha, wanauza tangawizi. Nani alileta mashine ya kwanza kijijini? Kuicheza kulilipiwa kwa nini, fedha au zamu ya kuchota maji? Wasichana waliruhusiwa kushika pedi, au walitazama dirishani? Maswali haya hayamo kwenye makumbusho ya kompyuta ya Mountain View wala Cambridge, kwa sababu majibu yako huku.

Na kuna kazi moja ambayo haiwezi kusubiri: kunakili kaseti zenyewe. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya Video Game History Foundation ilitangaza kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizowahi kutolewa nchini humo hazipatikani tena sokoni. Hizo ni zile zenye wenyewe. Kaseti zetu zilizoandikwa gemu 9,999 mara nyingi zilikuwa na gemu chache zilizorudiwa kwa kuanzia hatua tofauti, nyingine zimebadilishwa jina, sura au muziki na watu ambao hawakutia saini. Kaseti isiyo na lebo iliyonunuliwa stendi inaweza kuwa na toleo ambalo halijasomwa na mkusanyaji yeyote wa Tokyo au London. Kisoma kaseti huchomekwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa waya wa USB, na kunakili kilichomo huchukua dakika chache.