Mke wa Mkubwa na Kura ya Raia

Katikati ya jiji la Nairobi, ambako barabara nyingi zimepewa majina ya wanaume waliotawala au waliopigania uhuru, iko barabara moja iitwayo Mama Ngina Street. Zamani za Waingereza iliitwa Queensway, yaani njia ya malkia. Uhuru ulipopatikana jina la malkia likaondolewa, na mahali pake likawekwa jina la mke wa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Badiliko hili lastahili kuangaliwa kidogo. Malkia wa Uingereza alikuwa mtawala mwenyewe kwa haki ya kurithi. Mama Ngina hakuwa mtawala, wala hakupigiwa kura na mtu yeyote. Hata hivyo jina lake lilionekana kuwa lafaa kuujaza mwanya ule ule. Basi yatupasa kuuliza: mke wa kiongozi aliyechaguliwa na watu ana cheo gani mbele ya watu wale, na ni nani aliyempa?

Tukiitazama sheria hatupati jibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu 264. Imeeleza kazi ya Rais, ya naibu wake, ya mawaziri, ya magavana, hata ya mwakilishi wa wadi. Lakini mke au mume wa mmoja wao haikumpa kazi yoyote. Marekani waligusia jambo hili katika sheria ya mwaka 1978, iliyoruhusu mwenzi wa Rais amsaidiaye katika kazi zake apewe watumishi. Kenya haikuandika hata hayo. Kwa hiyo yote tuyaonayo, misafara, hotuba, utepe unaokatwa mbele ya zahanati mpya, yametoka katika desturi, na desturi hii ina asili yake.

Asili yake ni nyumba ya gavana, ile iliyo upande wa magharibi wa mji ambayo leo twaiita Ikulu. Gavana alitumwa kutoka London, na mkewe akaja pamoja naye. Hakuwa na mshahara wala ofisi, lakini ilitazamiwa kwamba atakaribisha wageni, atazuru wagonjwa, na kulipa jina lake jambo jema. Mwaka 1926, mke wa Gavana Sir Edward Grigg alianzisha nyumba ya wazazi katika Pumwani, ikaitwa kwa jina lake, Lady Grigg. Nyumba ile ndiyo iliyokua ikawa hospitali ya wazazi ya Pumwani, na maelfu kwa maelfu ya wana wa Nairobi wamezaliwa humo. Wema wenyewe hauna shaka. Ila tuangalie jinsi ulivyokuja. Mama wa Kiafrika hakuwa na kura ya kumwondoa gavana asiyejenga hospitali. Alichokipata alikipata kwa huruma ya mke wa gavana, na huruma haidaiwi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, waliokaa katika nyumba ile walibadilika, lakini kiti cha mke kilibaki pale pale kilipokuwa. Mama Ngina alikikalia akiwa na historia yake mwenyewe, maana wakati wa Hali ya Hatari alifungwa katika gereza la Kamiti. Akawa mwenyeji wa wageni wa taifa na mwandani wa Rais katika sherehe. Kando yake alikuwapo Margaret Kenyatta, binti wa Mzee kwa mke mwingine, ambaye naye alimsaidia baba yake kupokea wageni. Lakini Margaret alikuwa diwani, na mwaka 1970 akachaguliwa kuwa Meya wa Nairobi, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1976. Tofauti ya wanawake hawa wawili wa nyumba moja hapa ndiyo inayotufaa. Meya aliweza kusimamishwa katika ukumbi wa City Hall na kuulizwa habari za maji, za takataka, na za nyumba za kupangisha. Mke wa Rais hakuwa na ukumbi wa kuulizwa ndani yake. Sisemi kwamba alikwepa maswali. Nasema hapakuwa na mahali pa kuyaulizia.

Wengine walisimama katikati ya hali hizi mbili. Bibi Jane Kiano, mke wa waziri Dk. Julius Gikonyo Kiano, aliongoza chama cha Maendeleo ya Wanawake tangu mwaka 1971 hadi 1984. Bila shaka kuwa mke wa waziri kulimfungulia milango mingi. Lakini kiti chake kilikuwa cha chama kilichokuwapo tangu mwaka 1952, chenye wanachama wa kumchagua.

Sasa twendeni magharibi ya mji, hadi Lavington, kwa maana hapo ndipo habari yenyewe inapokuwa nzito. Katika Convent Drive ilikuwapo nyumba ya Tom Mboya. Mkewe, Pamela, hakuwa mgeni wa siasa. Baba yake, Walter Odede, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alishika uongozi wa chama cha KAU baada ya Kenyatta kukamatwa, naye mwenyewe akakamatwa mwaka 1953, akawekwa kizuizini kwa miaka saba. Binti yake alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokwenda kusoma Marekani kwa zile safari za ndege alizozipanga Mboya, akasoma katika chuo cha wanawake huko Ohio. Waliooana mwezi wa Januari 1962 walikuwa watu wawili wenye elimu na wenye jina, na Nairobi nzima ilitaka kuwaona.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya, aliyekuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Siku tatu baadaye, ibada ya wafu ilipofanyika katika Kanisa Kuu la Holy Family, nje palizuka ghasia, na polisi wakatupa moshi wa kutoa machozi. Mjane alikuwa angali kijana, ana watoto wadogo, na jina la mumewe lilikuwa limegeuka kuwa jambo la hatari katika nchi.

Hapa ndipo mtu hutazamia kwamba habari ya mke imekwisha. Cheo cha kuazima hurudi kwa mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Lakini Pamela Mboya alikuja kuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Kenya katika shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi ya watu, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Kisha akafanya kazi na HelpAge International, shirika linalowatazama wazee. Hakuna aliyemwita huko kwenda kukata utepe. Alifanya kazi yenye majukumu yaliyoandikwa, na kwa kazi hiyo aliweza kusifiwa au kulaumiwa yeye mwenyewe. Vivyo hivyo Eleanor Roosevelt wa Marekani, baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1945, aliongoza kamati iliyoandika Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Bibi Mboya alifariki mwaka 2009. Sanamu ya mumewe iliyoko Moi Avenue ilizinduliwa miaka miwili baadaye.

Baada ya Mzee Kenyatta kufa mwaka 1978, Kenya ilikaa miaka 24 bila mke wa Rais wa kuonekana hadharani, kwa kuwa Rais Daniel arap Moi na mkewe Lena walikuwa wametengana tangu miaka ya 1970. Serikali haikusimama kwa sababu hiyo. Lakini katika miaka hiyo hiyo mke mwingine alijifunza upande wa pili wa jambo hili. Bibi Ida Odinga alikuwa mwalimu katika Kenya High School, shule ya wasichana iliyoko Kileleshwa. Mumewe, Raila Odinga, alikuwa akitiwa kizuizini, akitolewa, na kutiwa tena. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 mke naye akaachishwa kazi ya ualimu. Hakuwa ameshitakiwa kwa kosa la darasani. Mke aliyepewa heshima asiyoitafuta kwa sababu ya mumewe, na mke aliyenyang'anywa chaki kwa sababu ya mumewe, wote wawili wametendewa kana kwamba si watu kamili. Bibi Odinga hakunyamaza. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kuwafundisha wanawake kupiga kura, na mwaka 1992 mumewe akachaguliwa kuwa Mbunge wa Lang'ata.

Hapa niseme neno kwa niaba ya kazi yetu. Wengi wa wanawake hawa walikuwa walimu. Ida Odinga alikuwa mwalimu. Lena Moi vile vile. Margaret Kenyatta, mke wa Rais Uhuru Kenyatta, alisomea ualimu. Na Lucy Kibaki alifundisha katika vyuo vya walimu. Mwalimu huzoea kusikilizwa, na huzoea kutii ratiba. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililo gumu zaidi kuliacha mtu aingiapo Ikulu.

Bibi Lucy Kibaki aliingia humo mwishoni mwa mwaka 2002. Alisimama imara katika vita dhidi ya ukimwi, wakati ambapo wakubwa wengi waliona haya kulitaja neno lenyewe. Haki yake asinyimwe. Lakini usiku wa tarehe 2 Mei 2005 alifika katika ofisi za gazeti kwenye jumba la Nation Centre, Kimathi Street, pamoja na walinzi wake, akakaa humo mpaka karibu na mapambazuko, akilalamikia yale yaliyoandikwa juu yake na nyumba yake, na akitaka waandishi waliohusika wakamatwe. Mpiga picha mmoja wa televisheni alipigwa kofi. Kulipokucha ilikuwa tarehe 3 Mei, ambayo duniani kote ni siku ya uhuru wa magazeti. Mpiga picha alikwenda mahakamani, lakini Mwanasheria Mkuu akaingilia kati na shauri likafutwa.

Yamkini mwanamke yule alikuwa ameumia kweli. Hakuna apendaye nyumba yake iandikwe magazetini. Raia mwingine aliyeumia angeandika barua kwa mhariri au angekwenda kwa wakili. Yeye alikuwa na askari wa serikali nyuma yake, na askari wale hawakupewa yeye kwa kura. Waziri angefanya vile angeitwa Bungeni siku ya pili. Yeye angeitwa wapi?

Miaka tisa baadaye kazi ya Lady Grigg ilirudi kwa jina jipya. Upelelezi wa afya wa miaka ya 2008 na 2009 ulikuwa umeonyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 488 walikufa kwa uzazi. Bibi Margaret Kenyatta alianzisha Beyond Zero mwezi wa Januari 2014, akakimbia mbio ndefu za London, kilomita 42, ili kukusanya fedha, na magari yaliyofanywa zahanati yakapelekwa katika kaunti 47. Wako wanawake waliojifungua salama kwa ajili ya magari hayo, nami siwezi kumcheka mtu aliyekimbia kwa ajili yao. Lakini gari huhitaji mafuta, dereva na muuguzi kila mwezi, na hayo hutoka katika makadirio ya fedha ya kaunti, si katika jina la mtu. Baada ya muda magazeti yakaripoti kwamba baadhi ya magari yamesimama kwa kukosa vitu hivyo.

Na waume, je? Mwaka 2022 wanawake saba walichaguliwa kuwa magavana. Wake wa magavana wamezoea kuitwa kwa cheo, lakini hakuna aliyetazamia kwamba waume wa magavana hawa watafungua nyumba za wazazi. Gavana wa Meru alipompa mumewe cheo cha heshima miongoni mwa vijana wa kaunti, jambo hilo likawa moja ya malalamiko ya wawakilishi waliotaka kumwondoa mwaka ule ule. Mume alipopewa kazi bila kura, watu waliona mara moja kwamba pana jambo la kuuliza.

Swali hilo liliwafikia wake mwaka 2024. Mwezi wa Juni vijana walijaa katika barabara za jiji kupinga kodi mpya, na tarehe 25 wakaingia hata ndani ya Bunge. Tarehe 5 Julai, miaka 55 kamili tangu Mboya alipouawa, Rais William Ruto alitangaza kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili ya ofisi ya mke wa Rais, ya mwenzi wa Naibu wa Rais, na ya mwenzi wa Mkuu wa Mawaziri zitaondolewa katika makadirio ya serikali. Raia wengi walisoma tangazo lile wakajua kwa mara ya kwanza kwamba ofisi hizo tatu zilikuwa na fungu lake.