Haidrojeni Inakunywa Maji ya Nani?

Wasee, kila mradi wa haidrojeni ukitangazwa Afrika, stori ni ile ile: tutachukua maji, tuyapitishe stima safi, tupate mafuta ya kesho. Inasikika poa. Shida ni kwamba watu wanaiongelea kana kwamba ilizaliwa juzi. Kazi hii ina zaidi ya miaka 200, na wenye kuitangaza huruka swali moja kila mara: hayo maji yanatoka wapi, na nani alikuwa anayategemea kabla kiwanda kuja?

Tuanze na sayansi kidogo. Mwaka 1800, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walitumbukiza nyaya za betri ndani ya maji. Betri yenyewe ilikuwa kitu kipya kabisa, uvumbuzi wa Mwitaliano Volta. Maji yakapasuka, haidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Hesabu haijabadilika tangu siku hiyo: kilo moja ya haidrojeni inahitaji lita 9 za maji yaliyosafishwa kabisa. Lakini maji ya ziwa au kisima lazima uyasafishe kwanza, na mengine yanabaki na uchafu wote. Tena mitambo inapata moto na inahitaji kupoozwa. Ukijumlisha yote, zile lita 9 zinaweza kufika 20 hadi 30.

Sasa twende Norway. Kule Rjukan kulikuwa na maporomoko ya maji maarufu sana, watalii walisafiri kuyaona. Mwaka 1911 kampuni ya Norsk Hydro ilifungua hapo kituo cha stima cha Vemork, kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo. Maji yaliyokuwa yakianguka hewani yakaingizwa kwa mabomba. Kufikia 1929 stima hiyo ilikuwa inapasua maji kutengeneza haidrojeni ya mbolea. Angalia hapo vizuri: maji yaliyopasuliwa yalikuwa kidogo tu. Mengi yalikuwa yale ya kuzungusha mitambo ya stima, na ndiyo yaliyobadilisha sura ya lile bonde.

Karibu na kwetu kuna mfano ambao hatuuongelei kabisa. Zimbabwe, mji wa Kwekwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilianza miaka ya 1970 kutengeneza amonia ya mbolea kwa kupasua maji. Yaani hii "teknolojia mpya" tunayopigiwa kelele, Waafrika wenzetu waliiendesha kwa zaidi ya miaka 40. Nguzo kubwa ya stima ya nchi hiyo ilikuwa bwawa la Kariba, mto Zambezi. Na Kariba ina historia yake: ilipojengwa miaka ya 1950, Watonga karibu 57,000 wa pande zote mbili za mto walitolewa makwao. Mwaka 2015 nchi ikiwa na uhaba mkubwa wa stima, mitambo ya kupasua maji Kwekwe ikazimwa. Mapema 2016, baada ya ukame, Kariba ilikuwa imebaki na karibu asilimia 12 tu ya maji yake ya kuzalisha stima. Kwa hivyo ukame unaweza kukugonga hata kama bomba la kiwanda chako limejaa, kwa sababu stima yako nayo inakunywa maji.

Haya, turudi nyumbani. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, na mbolea ikawekwa mbele. Naelewa kabisa. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, na wakulima wengi wakapanda bila mbolea. Kutengeneza yetu hapa kuna maana. Na tuna jotoardhi ya Olkaria, stima isiyongoja mvua kama Kariba. Hapo tumewashinda Kwekwe.

Lakini Olkaria iko Naivasha, na ziwa la Naivasha lina wenyewe. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enaiposha. Mwaka 1904 Waingereza waliwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, ili walowezi wapate ardhi na maji. Baadaye yakaja mashamba ya maua. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zikahamishwa kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Katika miaka hiyo yote, kila aliyekuja na mradi mkubwa alikuta kuna mtu tayari anateka maji hapo.

Tupige hesabu. Chukua kiwanda cha tani 100,000 za amonia kwa mwaka. Kinahitaji karibu tani 17,600 za haidrojeni. Kwa lita 20 hadi 30 kwa kilo, hayo ni mita za ujazo kama 350,000 hadi 530,000. Ukimpa mtu lita 50 kwa siku, hayo maji yanatosha watu kati ya 19,000 na 29,000 mwaka mzima. Ukweli usemwe, mashamba ya maua na mboga yanatumia mara nyingi zaidi ya hapo. Haidrojeni peke yake haiwezi kukausha Naivasha, na anayesema hivyo anawatisha watu bure.

Hatari iko kwingine. Ziwa hili halitulii: mwaka 2009 lilishuka sana kwa ukame, mwaka 2020 likafurika hadi nyumba za Kihoto. Kiwanda kinataka maji yale yale kila siku, ukame uwe usiwe. Halafu yale maji machafu yanayobaki baada ya kusafisha yana chumvi na floraidi, na Naivasha haina mto wa juu unaotoka kwenda kuyabeba.

Kwa hivyo kabla ya utepe kukatwa, sisi raia tudai vitu vitatu. Kibali cha maji kipigiwe hesabu kwa mwaka mkavu kama 2009, wastani hautoshi. Yale maji machafu yaambiwe pahali pa kwenda, kwa maandishi. Na Sheria ya Maji ya 2016, inayoweka matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote, iandikwe ndani ya mkataba wenyewe: ziwa likishuka kiwango fulani, kiwanda kinafunga bomba kabla ya mama wa Kihoto kukosa mtungi.

Mbolea tunaitaka. Lakini Watonga na Wamaasai waliambiwa maendeleo yanakuja, na hakuna aliyewaonyesha hesabu ya maji. Safari hii tuione kabla hatujapiga makofi.