Vichanga waliofungua njia ya kupandikiza moyo

Jina la Dk Christiaan Barnard linajulikana hata kwa watu wasiowahi kukanyaga Afrika Kusini. Desemba 3, 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa msichana aliyegongwa na gari, na mgonjwa huyo akaishi siku 18. Wasichokijua wengi ni kwamba mtu wa pili duniani kupandikizwa moyo wa binadamu alikuwa kichanga ambaye hakuwa ametimiza hata wiki 3 tangu azaliwe. Hiyo ilikuwa Desemba 6, siku 3 tu baada ya Barnard, katika Hospitali ya Maimonides, Brooklyn, New York. Na lau mambo yangekwenda kama yalivyopangwa mwaka mmoja kabla, mtoto ndiye angekuwa wa kwanza.

Daktari wa Brooklyn aliitwa Adrian Kantrowitz. Kwa miaka kadhaa yeye na wenzake walikuwa maabara wakipandikiza mioyo ya watoto wa mbwa, na tangu mwanzo walikuwa wakiwafikiria vichanga wanaozaliwa na kasoro za moyo zisizorekebishika. Mwaka 1966 walijiona wako tayari. Mgonjwa alikuwepo, na walikuwepo wazazi wengine waliokubali kutoa moyo wa mtoto wao aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo, hali ambayo haina tiba. Ubishi ukazuka ndani ya timu yenyewe. Baadhi ya madaktari walishikilia kwamba moyo unaodunda hautolewi kifuani. Asubiriwe mtoto mpaka afariki kabisa. Wakasubiri. Moyo uliposimama ulikuwa umekwisha kuharibika, na hapakuwa na cha kupandikiza.

Safari ya pili, Desemba 1967, mgonjwa alikuwa mvulana aliyezaliwa na mlango wa upande wa kulia wa moyo ukiwa umekaa chini ya mahali pake, damu ikawa inarudi ilikotoka. Safari hii pia walisubiri mpaka moyo wa kichanga mwingine aliyekuwa mtoaji usimame wenyewe. Mgonjwa akapozwa mwili kwa maji baridi ili ubongo wake usidhurike wakati damu imesimama, kisha moyo wenye ukubwa wa ndimu ukashonwa mahali pa ule mbovu. Ukadunda. Baada ya saa 6 na ushei ukasimama, na haukuamka tena. Waandishi wa habari walipokusanyika, Kantrowitz hakutafuta maneno ya kujipamba. Aliwaambia waziwazi kwamba ameshindwa, kwa kuwa lengo lilikuwa mtoto aishi, naye hakuishi.

Naona upasuaji huo una uzito sawa na ule wa Cape Town. Swali lililoigawa timu ya Brooklyn, yaani ni lini hasa mtu amekufa, ndilo swali ambalo dunia nzima ililazimika kulijibu. Agosti 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitoa vigezo vya kumtambua mtu ambaye ubongo wake umekufa ingawa moyo bado unadunda kwa msaada wa mashine. Vigezo hivyo vilichukua miaka mingi kugeuka sheria katika nchi mbalimbali, na kwa watoto wadogo tahadhari ilizidi, kwa sababu ubongo wa mtoto unaweza kustahimili mambo ambayo wa mtu mzima hauwezi.

Mwaka 1968 mioyo zaidi ya 100 ilipandikizwa duniani. Hospitali zilishindana. Huko Houston, Dk Denton Cooley alijaribu kumpandikiza mtoto wa miezi 2 moyo na mapafu kwa pamoja, na siku haikuisha kabla hajafariki. Watu wazima nao walikufa, wengi ndani ya wiki au miezi, kwa sababu kinga ya mwili haikuutambua moyo mpya kuwa wa nyumbani, na dawa za kuituliza zilikuwa kali kiasi cha kumwacha mgonjwa wazi kwa kila maradhi. Ilipofika 1971 hospitali nyingi zilikuwa zimeacha. Dk Norman Shumway wa Stanford, California, alibaki akiendelea taratibu, na kwake ndiko ilikotoka mbinu ya kuchukua kipande kidogo cha nyama ya moyo kwa kupitisha waya kwenye mshipa wa shingo, ili ijulikane mapema kama mwili umeanza kuukataa.

Kilichoigeuza hali kilitoka udongoni. Mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Uswisi, akiwa likizo Norway, alichukua udongo kwenye nyanda za juu za Hardangervidda, kama wafanyakazi wa kampuni hiyo walivyokuwa wakiombwa kufanya popote waendapo. Ndani ya udongo huo mlikuwa na kuvu, na kuvu hiyo ikatoa siklosporini, dawa inayoipunguza nguvu kinga inayoshambulia kiungo kigeni bila kuiangusha kinga yote. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 1983.

Mwaka uliofuata milango ilifunguka kwa watoto, mmoja baada ya mwingine. Juni 1984, Dk Eric Rose alimpandikiza moyo mvulana wa miaka 4 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mvulana huyo alikua, akasoma, akaishi zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Julai, mjini London, Dk Magdi Yacoub, Mmisri, alimpandikiza moyo mtoto wa kike wa siku 10, ambaye aliishi siku 18.

Kisha ikaja Oktoba, na Loma Linda.

Loma Linda ni mji mdogo kusini mwa California wenye chuo kikuu cha Waadventista Wasabato. Hapo Dk Leonard Bailey alikuwa amechoka kuwaona vichanga wenye ugonjwa mmoja wakirudishwa nyumbani wakafie huko. Katika ugonjwa huo upande wa kushoto wa moyo, unaosukuma damu mwilini, haukukua mtoto alipokuwa tumboni. Anazaliwa akilia vizuri, ananyonya, mama anapongezwa. Anaishi kwa sababu ya mshipa mdogo unaounganisha mishipa mikubwa miwili ya moyo, mshipa ambao kwa kila mtoto hujifunga katika siku za mwanzo. Unapojifunga, mtoto huyu anabadilika rangi, anahema kwa shida, na ndani ya siku chache amekwisha. Upasuaji wa hatua kwa hatua ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kujaribiwa na Dk William Norwood, na wengi waliofanyiwa walikufa. Mioyo ya vichanga kutoka kwa watoaji karibu haikuwepo, kwa maana hakukuwa na utaratibu wowote wa kuitafuta.

Bailey, aliyekuwa ametumia miaka akipandikiza mioyo ya mbuzi wachanga, akageukia nyani. Oktoba 26, 1984 alimpandikiza moyo wa nyani mdogo mtoto wa kike wa siku 12, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Baby Fae. Siku za mwanzo zilitia matumaini: mtoto alipumua bila mashine, alinyonya chupa, picha yake akipiga miayo ikaenea magazetini. Kwenye geti la hospitali walisimama watu wa makundi mawili, waliomwombea na waliopinga kuuawa kwa nyani. Baada ya wiki mbili figo zilianza kushindwa, na Novemba 15 akafariki.

Lawama zilizomfuata Bailey nyingi zilikuwa za haki. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ilipochunguza iligundua kwamba fomu ya ridhaa waliyotia saini wazazi ilikuza matarajio na haikutaja uwezekano wa kutafuta moyo wa binadamu. Bailey mwenyewe baadaye alikiri kwamba kosa lililomgharimu ni kundi la damu: mtoto alikuwa O, nyani AB. Lakini sikubaliani na wanaokifungua kisa hiki na kukifunga hapo. Kelele za wiki zile zilizifikia familia ambazo hazikuwahi kusikia kwamba moyo wa kichanga aliyefariki unaweza kumfaa mwingine, na madaktari wa hospitali za mbali wakaanza kupiga simu Loma Linda. Novemba 1985 Bailey alimpandikiza moyo wa binadamu mtoto wa siku 4, naye akaishi, akawa mtu mzima. Mwaka 1987 alimpandikiza mtoto mwingine saa chache tu baada ya kuzaliwa. Ugonjwa ulikuwa umeonekana angali tumboni, na moyo ulitoka kwa mtoto wa Canada. Hadi anafariki mwaka 2019, Bailey alikuwa amewapandikiza moyo mamia ya watoto.

Jambo ambalo halikutarajiwa likaonekana katika rekodi. Vichanga, waliodhaniwa dhaifu mno kwa upasuaji wa namna hii, wakipita mwaka wa kwanza ndio wanaodumu zaidi. Takwimu za kimataifa zinaonyesha kwamba nusu ya waliopandikizwa kabla ya kutimiza mwaka huishi zaidi ya miaka 20, ilhali waliopandikizwa wakiwa vijana balehe huishi miaka michache kuliko hiyo. Kinga ya kichanga bado inajifunza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na moyo unaoingia mapema huhesabiwa na wenyeji.

Dk Lori West wa Hospitali ya Watoto Wagonjwa, Toronto, ndiye aliyelifuata jambo hilo mpaka mwisho wake, na kwangu hii ndiyo sura nzuri kuliko zote katika historia hii. Kila mwanafunzi wa udaktari alifundishwa kwamba moyo wa kundi A hauwekwi kwa mgonjwa wa kundi O. Kingamwili zitauua mezani. West alijua kwamba kingamwili hizo mtoto hazaliwi nazo za kwake, bali hutengenezwa miezi kadhaa baadaye. Kuanzia 1996 timu yake iliwapandikiza vichanga mioyo ya makundi yasiyolingana, damu yao ikiwa imebadilishwa wakati wa upasuaji ili kuondoa kingamwili za mama zilizobaki. Mwaka 2001 walichapisha matokeo ya watoto 10, na mioyo haikukataliwa kwa sababu ya kundi. Zaidi ya hapo, watoto hao walipokua, wengi hawakuwahi kutengeneza kingamwili dhidi ya kundi la moyo waliopewa. Vichanga waliokuwa wakifa kwenye orodha ya wanaosubiri moyo huku moyo wa kundi jingine ukiachwa, sasa wakawa na nafasi.

Kusubiri ndiko kunakoua mpaka leo. Mwaka 1990 mjini Berlin mtoto aliwekewa kwa mara ya kwanza pampu inayokaa nje ya mwili, mirija ikipita chini ya mbavu. Chumba chake cha plastiki ni angavu kama kioo, na muuguzi hukimulika kwa tochi kila siku akitafuta madonge ya damu iliyoganda. Kwa pampu hiyo mtoto anaweza kukaa wodini miezi, akicheza, moyo ukitafutwa.

Mahali pengine palikosekana sheria. Japani, mwaka 1968, Dk Juro Wada wa Sapporo alimpandikiza moyo kijana wa miaka 18, kisha akachunguzwa kwa tuhuma za mauaji kwa sababu watu hawakuridhika kwamba aliyetoa moyo alikuwa amekufa kweli. Hakushtakiwa, lakini imani ilivunjika kwa miaka 30. Sheria ya 1997 iliruhusu kutoa viungo vya mtu ambaye ubongo wake umekufa, ila si chini ya miaka 15, na moyo wa mtu mzima haukai kifuani mwa mtoto. Wazazi wa Kijapani wakawa wanasimama na makopo vituo vya treni kuchangisha fedha za kuwapeleka watoto wao Marekani, mpaka sheria ilipobadilishwa na kuanza kazi Julai 2010.

Kwetu Afrika Mashariki upasuaji huu bado haufanyiki. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafungua vifua vya watoto na kuziba matundu ya moyo, na Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini figo inatolewa na ndugu aliye hai. Moyo unahitaji sheria ya kifo cha ubongo, orodha ya wanaosubiri, maabara inayopima dawa kwenye damu kila mara, na familia zilizokwisha kulizungumza jambo hili nyumbani kabla msiba haujawafika. Yacoub, yule wa London ya 1984, sasa anahusika katika mradi wa hospitali ya moyo Kigali.

Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Dk Joseph Turek alimpandikiza kichanga milango hai ya moyo pamoja na mishipa yake, bila moyo wote, ili ikue naye. Baadaye timu hiyo iliipata milango ya aina hiyo kutoka kwa mtoto aliyekuwa akipandikizwa moyo mpya: nyama ya moyo wake wa zamani ilikuwa imechoka, milango ilikuwa mizima, na ikapewa watoto wengine wawili. Dawa za kutuliza kinga wanazohitaji watoto wa aina hii ni kidogo kuliko za waliopandikizwa moyo mzima, na madaktari sasa wanafuatilia kama milango hiyo itaendelea kukua mpaka utu uzima.