Kwa nini mtoto aliyefanyiwa ukatili hasimulii kwa mpangilio

Leo anakuambia ilikuwa jioni, kesho anasema asubuhi. Anakumbuka harufu ya pombe na mlio wa geti, lakini siku yenyewe haijui. Hapo ndugu husema anadanganya. Mama, usikimbilie huko.

Wakati wa hofu kubwa mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kukimbia au kupigana. Ubongo hushika kwa nguvu kile kinachotisha, huku sehemu inayopanga matukio kwa saa na mahali ikishindwa kazi yake. Kumbukumbu hubaki vipande vipande. Kitu kidogo huiamsha: mtoto anakataa kwenda kukata majani ya ng'ombe bila kusema sababu, anarudia kukojoa kitandani, au anashuka darasani kwa kuwa akili yake inalinda hatari tu.

Msikilize bila kumhoji. Ukimuuliza mara kumi "una hakika?", ataanza kukupa jibu analodhani unalitaka. Mwambie unamwamini na si kosa lake, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema. Kama amebakwa au kulawitiwa, mfikishe hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia VVU. Piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kuyamaliza kifamilia, hasa pale mkosaji anapoishi kihamba kimoja na mtoto, kunamwacha palepale penye hatari, na hawezi kupona akiwa bado anaogopa.

Kumwambia "sahau" hakusaidii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto yatima 64 wa Moshi, mjini na vijijini, walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 12, na walezi wao pia walishiriki. Walijifunza kutuliza mwili, kisha wakasimulia yaliyowapata kidogo kidogo. Majonzi na dalili za kiwewe zilipungua, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hao walikuwa wamefiwa, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo; ila tiba hiyo hutumika pia kwa watoto waliofanyiwa ukatili. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa.

Nyumbani, saa ya kula na ya kulala isibadilike. Akitaka kusimulia mkiwa jikoni mnamenya ndizi, endelea kumenya, umsikilize.