Kaya: chungu kimoja au mji mzima?

Karani wa takwimu akiingia kwenye mji wa mzee mwenye wake wawili huku Buswahili, mkoani Mara, kazi yake huanza kwa swali la jikoni: mnapika pamoja? Mke mkubwa ana mafiga yake, mdogo ana yake, na kila mmoja ana shamba lake la muhogo. Zizi ni moja, na ng'ombe ni wa mzee. Wenyewe wanasema huo ni mji mmoja. Karani ataandika kaya mbili, na mzee atahesabiwa upande mmoja tu.

Kitakwimu, kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula na mahitaji mengine. Undugu si sharti. Mpangaji wa Musoma mjini anayejipikia peke yake ni kaya kamili, ilhali kijana aliyehamia Mwanza bado ni wa familia lakini si wa kaya. Ndiyo sababu neno familia halikufaa. Neno nyumba nalo halikufaa: ingawa mabalozi wa nyumba kumi waliyazoesha masikio kulisikia, nyumba moja inaweza kuwa na wapangaji wanne na majiko manne.

Asili ya neno ni pana kuliko istilahi. Kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambazo misitu yake iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, zilikuwa makazi yenye boma. Kwa Wasukuma, ambao upande wa Bunda ni majirani zetu, kaya ni mji pamoja na wote waliomo. Watakwimu wamelichukua neno la mji mzima wakalifinya hadi chungu kimoja. Uteuzi ni mzuri, ila mkazi wa Mara akilisikia bado anauona mji wote.

Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kaya ndiyo inayopimwa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, licha ya jina lake kutanguliza mapato, ulipima umaskini kwa matumizi. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama 1,644 kwa siku, na wa chakula peke yake ulikuwa 33,748. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya ule wa kwanza, kutoka 28.2 mwaka 2011/12. Mtoto hahesabiwi kama mtu mzima kamili. Hupewa sehemu kulingana na umri wake. Kwa hiyo kaya ya wazazi na watoto wanne haihitaji kufikia 49,320 mara sita ndipo ivuke mstari.

Muhogo waliolima wenyewe hutiwa thamani ya shilingi, na maziwa waliyokunywa pia. Ng'ombe mwenyewe, maadamu yuko zizini akisubiri kuwa mahari ya kijana, si matumizi. Hivyo mke mdogo anaweza kuwa maskini wa takwimu hatua ishirini tu kutoka kwenye zizi lililojaa. Simlaumu karani. Ng'ombe hao huenda mama huyo hana ruhusa ya kuuza hata mmoja.

Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria mambo ni magumu zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mwezi mwandamo ulikuwa haujafika bado, usiku ulikuwa wa giza, na giza ndilo msimu wa dagaa. Baba aliyelala kisiwani alihesabiwa huko huko, ingawa sufuria ya nyumbani inamtegemea.

Kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), majina huanza kutajwa katika mkutano wa kijiji, halafu fomu hujazwa kuhusu hali ya kila kaya. Hapo ndipo majirani hubishana: huyu mama anaomba kama nani, wakati mume ana zizi? Aliyemtaja anahesabu chungu. Anayepinga anahesabu mji.